Kadhi aliyewauza maamiri: je, ilikuwa siasa?



Mwezi uliopita nilikuwa darasani na vijana wa kidato cha nne, somo la Maarifa ya Uislamu, tukizungumzia hukumu na uadilifu. Nikawaeleza kwamba Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 113A, inamkataza Jaji wa Rufani, Jaji wa Mahakama Kuu, msajili na hakimu kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki yake ya kupiga kura inabaki pale pale. Nikaongeza kuwa jambo hilo si geni kwetu Waislamu, kwani maulamaa wengi waliukimbia ukadhi kwa kuchelea kutumiwa na watawala. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza, ikiwa kadhi hatakiwi kujiingiza kwenye siasa, mbona wiki iliyotangulia niliwasifia Imamu Izzuddin bin Abdissalaam, ambaye aliliondoa jina la Sultani katika khutba na akawanadi maamiri wa jeshi kama bidhaa? Kama ile haikuwa siasa, siasa ni nini?

Nilimjibu juu juu, na kengele ikaniokoa. Lakini swali lile halikutoka kichwani, na nina sababu yangu binafsi ambayo nitaieleza mbele. Kwanza tumtazame mtu mwenyewe.

Imamu Izzuddin, ambaye wengi humwita Al-Izz kwa ufupi, alizaliwa Damascus katika nchi ya Sham mwaka 577 Hijria, sawa na 1181 Miladia. Alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, madhehebu ambayo ndiyo ya watu wa mwambao wetu huu tangu zamani, kwa hiyo masheikh wetu si wageni wa jina lake. Alitoka katika nyumba ya kimasikini na alichelewa kuanza kusoma. Inasimuliwa kuwa alikuwa akilala kwenye kona ya Msikiti wa Bani Umayya, na usiku mmoja wa baridi kali alilazimika kuoga kwa maji ya barafu zaidi ya mara moja ili asiikose ibada yake. Baadaye akasoma fiqhi kwa Fakhruddin ibn Asakir na usuli kwa Saifuddin al-Amidi, na wote wawili walikuwa vigogo wa zama zao.

Kuhusu mali, kisa kimoja kinatosha. Damascus ilipatwa na msukosuko wa bei, mashamba ya miti yakawa yanauzwa kwa bei ya kutupa. Mkewe akavua dhahabu zake akampa, akamwomba awanunulie bustani ya kupumzikia wakati wa joto. Al-Izz akaziuza zile dhahabu, lakini aliwakuta watu wana njaa, akazigawa zote. Aliporudi mkewe akauliza kama bustani imepatikana. Akamjibu kuwa imepatikana, ila iko Peponi. Mke yule akamwombea Allah amlipe kheri. (Wake zetu wa leo sijui wangesema nini, na wala siwalaumu.) Nimekileta kisa hiki kwa sababu mtu wa namna hii ni vigumu kumpata kwa rushwa, na watawala walikuja kuligundua hilo kwa gharama kubwa.

Mwaka 637 Hijria mtawala wa Damascus, As-Salih Ismail, alimpa ukhatibu wa Msikiti wa Bani Umayya. Al-Izz akaanza na mambo ambayo leo tungeyaona madogo. Makhatibu walikuwa wakivaa nguo nyeusi na kugonga mimbari kwa upanga, na khutba zao zilijaa maneno ya vina na sifa za wafalme. Yote hayo aliyaacha. Khatibu asiyemsifu mfalme tayari ametoa habari, hata kama hajasema neno.

Mwaka uliofuata ndipo jambo kubwa likatokea. Sham na Misri zilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja, ukoo wa Salahuddin al-Ayyubi, lakini ndugu hao walikuwa wakiwindana. Ismail alikuwa akimwogopa mtoto wa kaka yake, As-Salih Najmuddin Ayyub, aliyekuwa amekamata Misri. Ili apate wa kumsaidia, akafunga mapatano na Wapiganaji wa Msalaba. Akawapa ngome, zikiwemo Safad na Shaqif, na akawaruhusu kuingia Damascus kununua silaha. Watengeneza silaha wakaingiwa na wasiwasi wakaenda kumuuliza Al-Izz. Akatoa fatwa kuwa ni haramu kuwauzia, kwa kuwa wauzaji wanajua fika silaha zile zitaelekezwa kwa ndugu zao. Kisha siku ya Ijumaa akapanda mimbari na hakulitaja jina la Sultani. Zama zile hakukuwa na redio wala gazeti. Kutajwa katika khutba ndiko kulikokuwa kutangazwa upya kwa utawala kila wiki. Asipotajwa, kila mtu msikitini ameshaelewa.

Akavuliwa ukhatibu na akafungwa. Pamoja naye alisimama Ibn al-Hajib, mwanachuoni wa Kimaliki, bingwa wa nahau. Al-Izz alipofunguliwa akaondoka Damascus kuelekea Misri, lakini njiani akakamatwa tena. Mjumbe wa Ismail akamjia kwa maneno laini, akimwahidi kurejeshewa vyeo vyake vyote na zaidi, sharti lake dogo tu, aubusu mkono wa Sultani. Al-Izz akamjibu kuwa yeye hangeridhia hata Sultani aubusu mkono wake, sembuse kinyume chake. Akawekwa katika hema jirani na hema la Sultani, akawa anasoma Qur'ani. Ismail akawaambia wakubwa wa Wapiganaji wa Msalaba kwamba yule anayesoma ni mwanachuoni mkubwa wa Waislamu, na kwamba amemfunga kwa ajili yao. Alidhani atasifiwa. Wakamwambia kuwa angekuwa padri wao, wangemwosha miguu na kuyanywa yale maji.

Majeshi ya Misri yalipomshinda Ismail, sheikh akapata njia, akaingia Misri mwaka 639 Hijria, yaani 1241.

Hapa ndipo lile swali la binti linapokuwa zito. Aliyekuwa adui wa Ismail ni nani? Ni Ayyub. Aliyempokea Al-Izz kwa heshima ni nani? Ni huyo huyo Ayyub. Akampa ukhatibu wa msikiti wa Amr bin Al-As na ukadhi wa Misri ya Kale pamoja na eneo la kusini mwa nchi. Mtu mwenye jicho la siasa angesema mambo yako wazi: sheikh alimpiga vita mtawala mmoja kwa manufaa ya mwingine, na sasa amelipwa kiti cha hukumu. Hata leo majaji duniani wanatuhumiwa hivyo hivyo. Anayeteuliwa na rais wa chama fulani, watu wanahesabu hukumu zake kwa rangi ya bendera.

Nadhani tuhuma hiyo haiwezi kujibiwa kwa kumtazama Al-Izz akiwa Damascus. Kule alikuwa anampinga mtawala mmoja, na mpinzani tu naye hufanya hivyo. Jibu liko Misri, pale alipokaa kwenye kiti alichopewa na rafiki.

Siku moja ya Idi, Sultani Ayyub alikuwa amekaa ngomeni katika fahari yake, askari wamejipanga na maamiri wanabusu ardhi mbele yake. Al-Izz akamwita kwa jina lake tupu, bila cheo. Akamuuliza atamjibu nini Mola wake atakapoulizwa kwa nini, baada ya kupewa ufalme wa Misri, ameruhusu pombe iuzwe, akamtajia na nyumba inakouzwa. Sultani akajitetea kuwa jambo hilo yeye hakulianzisha, limekuwepo tangu zama za baba yake. Akaambiwa kuwa hiyo ni hoja ya wale waliosema kuwa wamewakuta wazee wao hivyo hivyo. Nyumba ile ikafungwa. Mwanafunzi wake alipomuuliza kama hakuogopa, alijibu kwamba alimwona Sultani katika ukubwa ule akataka kuivunja nafsi yake isije ikamwangamiza, na kwamba alipoukumbuka utukufu wa Allah, Sultani akawa mbele yake kama paka.

Lakini bado hilo ni nasaha. Nasaha haitoi hukumu. Hukumu ilikuja na maamiri.

Ayyub alijenga jeshi lake kwa watumwa wa Kituruki walionunuliwa wakiwa vijana, wakafundishwa vita, wakapanda vyeo. Hao ndio Mamluki. Baadhi yao walishakuwa maamiri, na mmoja alikuwa naibu wa Sultani. Al-Izz alipochunguza akaona kuwa hakuna ushahidi wa kuachwa huru kwao kisheria. Walikuwa mali ya Baitul Mal. Na mtumwa, kwa fiqhi, hafungi mkataba bila idhini ya mmiliki wake. Basi kadhi akakataa kupitisha kuuza kwao, kununua kwao wala ndoa zao. Hebu fikiria, ndugu msomaji: mtu anayeamrisha maelfu ya wapanda farasi hawezi kununua nyumba kwa sababu karani wa kadhi hataandika hati. Shughuli zao zikakwama.

Wakamwendea kuuliza anataka nini. Akasema watanadiwa hadharani, fedha ziingie Baitul Mal, kisha waachwe huru kwa njia ya sheria. Wakapeleka shauri kwa Sultani, naye akamtaka kadhi arudi nyuma. Hakurudi. Sultani akatamka maneno makali, kwamba jambo lile halimhusu. Al-Izz hakubishana. Alipakia vitu vyake juu ya punda, akawapandisha watu wake punda wengine, akatoka mjini kwa miguu nyuma yao kurudi Sham. Kabla hajafika mbali watu wakaanza kumfuata, wanaume, wanawake na watoto, maulamaa na wafanyabiashara. Sultani akaambiwa kuwa sheikh akiondoka, ufalme umeondoka. Akapanda farasi mwenyewe kumfuata, akamridhisha, akakubali maamiri wauzwe.

Naibu wa Sultani hakuvumilia. Akaja mlangoni na upanga uliochomolewa. Mtoto wa sheikh alipofungua na kuona hali ile akarudi ndani kumwonya baba yake, naye akasema kuwa baba yake ni mdogo mno kupata daraja ya kuuawa katika njia ya Allah. Akatoka. Tajuddin as-Subki, aliyeandika miaka mia hivi baadaye, anasimulia kuwa mkono wa naibu ulikauka na upanga ukamwanguka. Mimi darasani kipande hicho nakipitia haraka, kwa sababu vijana wakishasikia habari ya mkono hawataki tena kusikia habari ya mnada. Naibu yule akalia, akaomba dua, akauliza bei yao itatumika kwa lipi na nani ataipokea. Akajibiwa kuwa itatumika kwa maslahi ya Waislamu na mpokeaji ni kadhi. Wakanadiwa mmoja mmoja, bei ikapandishwa juu, fedha zikatumika katika mambo ya kheri.

Sasa, aliyenufaika hapo ni nani? Si chama cha Al-Izz, maana hakuwa na chama. Waliotetemeshwa walikuwa watu wa Sultani aliyempa kazi. Na alipokuwa na umati nyuma yake nje ya mji, umati ambao mwanasiasa yeyote angeutamani, hakuomba uwaziri wala hakumtaka Sultani ajiuzulu. Aliomba hukumu yake itekelezwe, akarudi nyumbani. Nadhani hapa ndipo mpaka ulipo, na ningetamani ningelimwambia hivyo yule binti siku ile. Hukumu yoyote nzito itamgusa mtawala, hilo halikwepeki. La kutazama ni kama hakimu anakitumia kiti chake kupata kitu kingine zaidi ya hukumu yenyewe.

Kisa cha mwisho cha ukadhi wake hakisimuliwi sana kwenye mihadhara yetu, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote. Mmoja wa wakubwa wa dola, msimamizi wa nyumba ya Sultani, Fakhruddin wa ukoo wa Shaykh ash-Shuyukh, alijenga juu ya msikiti mmoja nyumba ya kupigia ngoma za kijeshi. Al-Izz akahukumu ibomolewe. Akaona hakuna wa kuthubutu kuibomoa, akaenda na wanawe wakaibomoa kwa mikono yao. Akatangaza kuwa ushahidi wa mkubwa yule haukubaliki tena. Kisha, siku zile zile, akajiuzulu ukadhi.

Kwa nini ajiuzulu aliyeshinda? Mimi naelewa hivi. Alijua kuwa Sultani atalazimika kuchagua kati ya kadhi wake na msimamizi wa nyumba yake, na hakutaka hukumu ionekane kuwa ugomvi wa watu wawili wanaogombea sikio la mkubwa mmoja. Akakiondoa cheo, ikabaki hukumu peke yake. Fakhruddin na wenzake walidhani kwamba kadhi akishaondoka, na ile hukumu ya ushahidi imekufa. Ikatokea Sultani akatuma ujumbe kwa Khalifa wa Baghdad. Khalifa akamuuliza mjumbe kama aliusikia kutoka kinywani mwa Sultani. Mjumbe akasema hapana, alipewa na Fakhruddin. Khalifa akasema mtu huyo ushahidi wake umeangushwa na Ibn Abdissalaam, hivyo haupokei. Mjumbe akafunga safari kurudi Misri kumsikia Sultani mwenyewe, ndipo akarudi tena Baghdad.

Baada ya hapo alifundisha fiqhi ya Shafii katika madrasa ya Salihiyya, Cairo. Huko nako alibaki yule yule. Aliwahi kutoa fatwa kisha akagundua amekosea, akajitangaza mwenyewe mjini kwamba yeyote aliyepewa fatwa ile na Ibn Abdissalaam asiifanyie kazi, kwani ni makosa. Mwaka 1259, Wamongolia wakiwa wameshaiangusha Baghdad na wanakuja, Qutuz alitaka kuwatoza raia kodi ya vita. Al-Izz akaruhusu, lakini kwa sharti kwamba kwanza Baitul Mal iwe tupu, na maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani mpaka wawe sawa na watu wa kawaida. Mwaka uliofuata, katika Ramadhani, Wamongolia wakashindwa Ain Jalut. Baybars alipoushika usultani, mzee huyu wa miaka zaidi ya 75 hakumpa mkono wa baia mpaka ulipoletwa ushahidi kuwa aliachwa huru. Hoja ilikuwa ile ile ya wakati wa Ayyub, haikulegea kwa kuwa mwenye kuulizwa safari hii ndiye Sultani mwenyewe.

Alifariki Cairo mwaka 660 Hijria, 1262 Miladia. Alipokuwa mgonjwa, Baybars alimtaka amchague mmoja wa wanawe arithi nafasi zake. Akajibu kuwa hakuna kati yao anayefaa, na kwamba Salihiyya apewe Kadhi Tajuddin. Ikawa hivyo. Inasimuliwa kuwa Baybars alipoiona jeneza likipita ngomeni na watu wasiohesabika nyuma yake, aliwaambia wa karibu yake kwamba ni leo tu ufalme wake umetulia, kwani mzee yule angewaambia watu wauondoe, wangeuondoa.

Sasa ile sababu yangu. Nimeteuliwa mmoja wa watu watatu wa kusuluhisha mgogoro wa nyumba ya wakfu mtaani kwetu. Upande mmoja ni warithi wa marehemu aliyeiweka wakfu. Upande wa pili ni mfadhili ambaye ameiendeleza kwa fedha zake na anataka usimamizi wake wote. Mfadhili huyo ndiye pia anayetoa posho ya sisi walimu wa madrasa ya jioni. Nimesoma hati yote, na jinsi ninavyoielewa haimpi anachodai. Kwa wiki tatu nilikuwa nikijiambia kuwa nijitoe, na nikawa najifariji kwa Al-Izz kwamba naye alijiuzulu.

Nilirudi darasani nikawasimulia vijana kisa cha nyumba ya ngoma, pamoja na maelezo yangu ya kwa nini alijiuzulu. Binti yule akanyoosha mkono tena. Akasema, lakini mwalimu, yeye alibomoa kwanza.

Nimewaandikia pande zote mbili barua kuwaeleza habari ya ile posho, ili asiyenitaka aseme mapema. Warithi wamejibu kuwa wananitaka nibaki. Mfadhili hajajibu. Kikao ni Jumamosi hii baada ya Alasiri, na posho ya mwezi huu bado haijafika.